Muhtasari Ambao Sikuusoma

Kikao kilifunguliwa saa nne badala ya saa tatu,
kwa kuwa ufunguo wa darasa alikuwa nao mlinzi
na mlinzi alikuwa Soni, anauza kabichi.
Waliohudhuria: thelathini na saba.
Wasiohudhuria: marehemu,
ambao ndio waliotajwa zaidi.

Ajenda ilikuwa moja: kiti.
Kiti cha zumbe, kilicholala nyumbani kwa Shekulwavu
tangu serikali iliposema, mwaka ambao sikuuona,
kwamba nchi moja haikaliwi na makalio mengi.
Je, kirudishwe?

Mzee Shemhilu alisimama wa kwanza.
Alisema rais ni mgeni; akishaijua njia ya kwetu,
muda wake umekwisha.
Zumbe aliijua kila kaya kwa moshi wake.
Makofi. Nikaandika: makofi.

Hoza, muuza vocha, hakusimama.
"Aliujua moshi," alisema, "kwa sababu alikuwa akihesabu kodi."
Nikaandika: hoja ilipingwa.

Hapo kalamu ikanigomea.
Bibi yangu alikuwa na mtamba mmoja mwekundu,
jina lake Kiangazi.
Barazani kwa zumbe alitozwa kwa neno alilolitamka kisimani;
mtamba akaenda, na kamba yake.
Bibi huyo huyo, ngoma ya zumbe iliposhushwa isilie tena,
alijifunika kaniki siku tatu, chakula hakugusa.
Nilipokua nikamuuliza:
ulimlilia aliyekuchukulia ng'ombe?
Akasema, "Alikuwa wetu."
Kisha akaniagiza kuni.
Neno hilo sijui linaingia safu ipi.

Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi napandisha bendera
kwenye mkaratusi tuliouchonga wenyewe.
Upepo wa bondeni hula pindo lake;
nimeishona mara nne, safari hii kwa uzi wa masweta ya shule,
kijani ambacho si chenyewe,
ila ukisimama mbali huoni.
Watoto huimba meno yakigongana kwa baridi,
na zipo siku koo hunikaba palepale, kwenye jina la nchi,
nchi isiyojua kwamba Kiangazi alikuwa mwekundu,
inayonitumia barua kwa jina lililokosewa herufi mbili.
Naipenda kama nyumba inayovuja:
usiku naamka, nasogeza ndoo.
Sijawahi kuuliza kama ndoo ni uzalendo.

Mwishowe akaulizwa mwenyewe, Shekulwavu, mrithi,
fundi cherehani, kucha zake nyeusi kwa mafuta.
Akasema kiti kipo.
Mguu mmoja umeoza, ameuwekea tofali;
mkewe hukikalia akiwasuka mabinti.
"Mkikitaka, njooni mkichukue.
Mkinitaka mimi,
niambieni kwanza ni nani atakayeruhusiwa kunikatalia."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mzee Shemhilu akatazama mikono yake
kama mtu aliyepewa chenji pungufu
akaona haya kuhesabu mbele ya watu.
Hoza naye, nilimwona,
aliacha kubofya simu.

Ndipo mvua ikaangukia bati, tusisikilizane tena.
Akidi ilitimia. Kura haikupigwa.
Nikaandika: kimeahirishwa kwa sababu ya mvua,
na mvua, maskini, ikabeba lawama.

Mlangoni wazee watatu walisimama kando
ili Shekulwavu atangulie.
Hakutangulia. Aliushika mlango usipigwe na upepo
mpaka wakapita wote, wakiinamisha vichwa,
sijui kwa heshima au kwa matone.
Nikawa wa mwisho, daftari kwapani,
mwalimu wa uraia, darasa la tano na la sita.
Nilipofika usawa wake, goti langu la kulia
likapinda.

Kidogo tu. Kabla sijajikumbuka.
Akaliona. Akageuza uso, akauliza ufunguo uko wapi.
Mlinzi alikuwa ameondoka nao tena.

Nikakimbia uwanjani kuishusha bendera.
Ilikuwa imelowa, nzito kama mtoto aliyesinzia,
na ule uzi wangu ulikuwa umechuja rangi.