Miwili kwa Kila Nyumba

Kanuni imebandikwa mlangoni, Kiarabu juu,
na chini yake Kiswahili cha mkono wangu,
maana nusu ya mtaa huu wa Al-Khoud
hugombana kwa Kiarabu na hupatana kwa Kiswahili:
Miche miwili kwa kila nyumba. Lete risiti ya maji.
Asiye na ua asipange foleni.

Saa kumi na mbili unusu foleni imeshafika duka la matairi.
Nina daftari, na kalamu niliyoifunga uzi mezani
kwa kuwa tatu zimekwenda na watu wenye heshima zao.

Bwana Ghusn anataka mlimau usio na miiba.
Namwambia limau lisilo na mwiba liko dukani.
Kijana wa gari jeupe anauliza mti upi unakua upesi,
harusi ya dada yake ni Desemba.
Nampa mkungu: kivuli atakipata
baada ya dada kuzaa, na kufagia atajifunza.
Bi Zamzam, aliyezaliwa Wete, ananiinamia
kama mtu anayeulizia dawa ya aibu:
"Mdoriani hamna?"
Tunacheka wote wawili. Jua hili
lingeuchoma ukingali na majani mawili.
"Basi nipe mkunazi. Siku yangu ikifika
wasihangaike kutafuta majani ya kunioshea."
Naandika: mkunazi, mmoja.
"Andika miwili. Na mume wangu anayo siku yake."

Aliyeiotesha yote hii ni Mojibur, mtu wa Barisal.
Miaka kumi na mmoja anajaza pakiti udongo na samadi ya mbuzi,
anaujua mche wenye kiu na mche unaosingizia kiu.
Kiswahili chake amekiokota humu humu, foleni hadi foleni:
"Shika chini, mama, usishike shingo."
Analala chumba cha watu wanane nyuma ya gereji za Maabila.
Risiti ya maji hana. Maji yake hulipiwa na kampuni
na hukatwa na kampuni.

Mwaka juzi, jioni, ulibaki mkunazi mmoja,
shingo upande, umekataliwa na foleni nzima.
Utaratibu unasema utupwe. Nikaandika: umetupwa.
Kisha nikautazama ukuta
muda mrefu kuliko ukuta ule ulivyostahili,
na nilipogeuka, meza ilikuwa tupu
na Mojibur anafunga mabomba, anapiga mluzi.

Leo, wamebaki watu sita,
namwona amesimama nyuma yao, upande wa watu,
si upande wetu. Kavaa shati la safari, mikunjo ya dukani
haijamtoka mgongoni,
kalikumbatia kopo la samli la kilo kumi na sita.
Mkataba umekwisha. Ndege ni saa nane za usiku.
Mti haupandi ndege.

Kopo limeliwa na kutu, mizizi inachungulia.
Kwenye paa la bati, kati ya matangi na suruali zilizoanikwa,
umekua hadi kumfika kidevuni,
shingo bado upande, ukaidi ule ule,
na kwapani mwa jani moja, kadiri ya kichwa cha pini,
kijani kinachoelekea manjano:
ua.

"Umpe mwenye ua," anasema,
na kidole chake kiko mlangoni, juu ya mwandiko wangu.
Mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania.

Daftari lina safu ya waliopokea. Ya waliotoa haina.
Nageuza ukurasa, napiga mstari,
namwambia aandike mwenyewe jina lake lote.
Uzi unamvuta kifundo, herufi zake zinaning'inia
kama nguo kwenye kamba, nami sijui kuzisoma.

Anataka kunirudishia kalamu.
Natafuta mkasi wa kupogolea, nakata uzi.