Dola Themanini, Si Zaidi

Jiko la umeme la jikoni mwetu
lina roho ya karani wa ofisi ya kodi.
Lita ishirini na saba za maji ya kimea
hulikalia dakika mia moja na tano,
na hata hapo hazichemki, zinanung'unika tu.
Madirisha yanatoka jasho. Karatasi ya ukutani inabanduka.
Corinne akabandika kijikaratasi mlangoni mwa friji,
kwa wino mwekundu wa kusahihishia wanafunzi:
Nunua la gesi. Lipeleke gereji.
Dola themanini. Si zaidi.

Wausau, Februari. Kiwanda cha karatasi
kimenipunguzia zamu, siku tatu kwa juma,
kwa hiyo muda wa kuchagua moto ninao.
Sikujua kuwa moto una madaraja, kama nauli ya treni.

Dukani liko moja la chuma cha pua,
linang'aa hadi unaweza kulitazama ukanyoa ndevu,
mia mbili na kumi na tisa.
Nililizunguka. Nikalishika kitasa.
Nikageuza kibandiko cha bei upande wa pili
kana kwamba huko kuna huruma.

La pili, sitini na tano, miguu mitatu
ya ndama aliyezaliwa leo asubuhi.
Nililigusa kwa kidole, likanijibu.
Sufuria yangu ikijaa ina uzito wa mtoto wa miaka kumi,
na mtoto wa miaka kumi anayechemka
humpandishi juu ya ndama.

La tatu lilijisifu kwenye boksi lake: laki mbili!
Laki mbili za nini, hata muuzaji hakujua.
Akaliwasha uani, likanguruma
mpaka mbwa wa jirani akaitikia.
Mngurumo si mchemko, nikamwambia;
nusu ya moto huo unapasha anga la Wisconsin.

Aliyenitoa mashakani ni Pa Nhia Xiong,
anayeuza Jumamosi vile vya kukunja, vya nyama na tambi,
vinavyolia kwenye meno.
Alikuwa anahamia jiko la matundu mawili.
La zamani lilijikunyata chini ya meza, fupi, pana,
miguu minne ya chuma cha pembe
iliyoungwa na mjomba wake, bila urembo,
mafuta ya miaka sita yameganda begani.
"Limebeba harusi mbili na matanga manne," akasema,
"na halijawahi hata kuinama."
Akataka arobaini na tano. Na kreti moja
ya bia ya kwanza, si ya majaribio.
"Ya kwanza ndiyo ya majaribio."
"Basi ya pili."

Nyumbani nikaupaka mpira wa gesi povu la sabuni.
Viputo vikachomoza penye kiungo kama macho ya chura.
Gesi haina haraka; humngoja mtu asahau.
Mpira mpya na rigyuleta yake: kumi na nane.
Nikasugua kutu kwa brashi ya waya
hadi kucha zangu zikawa za mtu mwingine.

Mlango wa gereji wazi, theluji magotini,
nikawasha. Moto ukaja wa manjano, mvivu,
ukailamba sufuria, ukaiachia masizi.
Nikalegeza skrubu ya tundu la hewa, robo mzunguko.
Robo nyingine.
Manjano yakanywea, ndimi zikasimama,
za samawati, fupi, hazisemi kitu.
Hapo ndipo nilipojua nimenunua jiko.

Husemwa moto huzaa majivu.
Huu hauzai kitu, ila mtungi mtupu.
Dakika thelathini na nne, sufuria ikatokota,
povu likapanda, nikalipuliza kama mjinga,
nikapunguza gesi, likashuka na harufu ya mkate.
Corinne akatoka na kiti na blanketi,
akanyoosha viganja karibu, akapiga hesabu:
arobaini na tano, na kumi na nane.
"Chenji yangu?"

Nikamwonyesha mfuko wa hopsi, wa kumi na saba,
mtupu tayari.
Hakusema neno. Akasogeza kiti mbele.

Kesho yake Pa Nhia akaandika: imeiva?
Nikamjibu, majuma matano.
Keshokutwa akauliza tena.