Sijui ya Veikko

Oulu, Februari. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Aulikki, mshona glovu: cherehani nne,
oda thelathini zimepotelea kwenye mfumo wa zamani.

Kampuni ya kwanza ilileta slaidi;
kila swali lilijibiwa "ndiyo"
kabla halijatua.
Ya pili ilishusha bei mpaka akaogopa.

Veikko aliingia na soksi zilizolowa.
Hakufungua kompyuta. Aliomba daftari la oda,
akalisoma kama anayetafuta deni lake mwenyewe.
"Mfumo ukizimika saa nane usiku, nani ataamka?"
Kisha, kuhusu ghala: "Sijui. Nipe mpaka Jumatano."

Jumanne jioni simu ililia.
"Bado sijui," alisema,
"lakini nimeshajua kwa nini sijui."

Aulikki akavua miwani,
akatafuta kalamu.