Mwanga

Saa ya mezani ya shangazi Zamoyoni
ilinunuliwa mnadani Gerezani,
ikakaa miaka arobaini juu ya kabati, Ilala,
kati ya kopo la wanja na chupa ya mafuta ya nazi.

Usiku wa mgao, Mtaa wa Bungoni ukizama wote,
namba zake ziliwaka kijani,
kijani cha jicho la paka nyuma ya pipa.
Watoto tuligombea kulala nayo.
Zamu yangu niliiingiza ndani ya shuka,
mshale ukaelekea tatu, nikasema saa tisa.
Ndivyo tulivyofunzwa: yenyewe yaonyesha hivi,
sisi twasoma vile,
wala hatukuona ajabu.

Ilipofifia, fundi Mwinshehe wa Mtaa wa Sikukuu
akaifungua, akakwangua namba kwa wembe,
akapuliza.
Vumbi la manjano likatua kwenye chai yake.
"Mwanga umekufa huu," akasema,
akanywa.

Mwaka huu mkwe wetu Eliwaza,
apimaye vyuma chakavu bandarini kabla havijapakiwa,
alipitia kutusalimu, kidude chake begani.
Kikaanza kutatarika kama bisi.
Tukacheka, tukadhani simu.
Alivyosogelea kabati, bisi zikazidi,
akaacha kucheka yeye kwanza.

"Iliyochoka ni rangi," akasema.
"Kilichomo ndani hakijachoka.
Miaka elfu moja na mia sita, ndipo kipungue nusu."
"Nusu ya nini?" akauliza shangazi.
Hakujibiwa.
"Kuitazama si neno kubwa," Eliwaza akaendelea, taratibu,
"ubaya ni kuifungua."

Nikaikumbuka ile chai.
Mwinshehe alizikwa mwaka wa mafuriko.
Kwa maradhi gani, sikuuliza,
na leo wa kumuuliza hayupo.

Lugha ilikwisha kutuambia, masikio tukaziba:
mwanga ni nuru,
na mwanga ni yule azungukaye nyumba za watu
usiku, uchi, bila kubisha hodi.

Eliwaza aliifunga nailoni mbili, akaondoka nayo.
Juu ya kabati pana duara lisilo na vumbi,
na hakuna anayeweka kitu pale.

Juzi umeme ukakatika.
Shangazi akageuza uso kabatini, kwa mazoea,
akakodoa gizani kitambo.
"Saa tisa," akasema.

Nikawasha simu.
Tisa kasoro dakika mbili.