Mlango Usio na Nyumba

Tulianza watu saba na birika moja la chai,
ukumbi wa wale wanaosukuma mawe juu ya barafu,
mji wa Dunmere, Saskatchewan, mwezi wa pili.
Baridi ya kung'oa kucha.
Nje, magari ya wakulima yamechomekwa nyaya za umeme puani
kama ng'ombe waliotiwa kamba, yasigande.

Verna Stroud wa posta ndiye aliyeleta tamthilia:
nakala moja, kurasa kumi na mbili hazimo.
"Tutazijaza wenyewe," alisema, akavua glavu,
na kikundi kikazaliwa hapo,
si kwa katiba wala kwa kura,
kwa mwanamke kuvua glavu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia, mgeni wa mwaka mmoja.
Nilifuata chai na joto, ya nini kudanganya.
Wakaniweka nyuma ya pazia
niwanong'oneze wanaosahau.
Nilicheka. Mimi, ambaye dukani
huombwa nirudie neno "maziwa" mara tatu,
leo nitunze ulimi wa mji!

Pazia lilikuwa mashuka ya hospitali
yaliyotiwa zambarau ndani ya pipa la matango la Gunnar;
mpaka leo nikisikia harufu ya siki
naona kitu kinafunguka.
Taa zetu: makopo sita ya kahawa.
Baba mkwe alikuwa daktari wa mifugo,
aliitwa katikati ya mazoezi kuzalisha ng'ombe,
akarudi na mikono myekundu
akaendelea na sentensi palepale alipoiacha.

Ila mlango.
Orest Halaburda alituletea mlango wa kweli,
kaung'oa nyumbani kwa wazazi wake
wiki ile tingatinga lilipokuja.
Kitasa cha shaba, bawaba zinazolalama,
na mwimo wenye alama za penseli:
Orest, Danylo, Orest, Danylo,
kisha Orest, Orest.

Akausimamisha katikati ya jukwaa.
Nyuma yake hakuna nyumba,
kuna ngazi na ndoo ya mchanga.
Alipewa neno moja: afungue, aseme "Nimerudi."
Wiki sita hakulisema.
Alifungua, akatazama, akafunga.
Verna alitaka kumbadilisha,
lakini mlango ni wake, nani angethubutu?

Siku moja kwenye chai niliwaambia, kupitisha muda tu,
kwetu Pangani mtu haingii hivi hivi;
hupiga hodi, akangoja,
na ya tatu isipojibiwa hurudi zake bila kinyongo.
Orest aliacha kutafuna.

Usiku wa kwanza: watazamaji thelathini na mmoja,
wanne kati yao walidhani ni siku ya bingo.
Zamu yake ikafika. Kitasa kikageuka nusu.
Nikanong'ona neno lake.
Nikanong'ona tena.
Nilisikia mabomba ya joto yakigonga ukutani.
Kisha, kutoka upande ule wa ngazi na ndoo,
sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kwenye upepo:
"Hodi!"

Hilo sikumnong'oneza.

Na Verna, sufuria mkononi, mstari wake umemtoka:
"Karibu," alisema, ile *r* imepinda kama msumari mbovu,
"karibu ndani."
Akaingia. Akasimama palipo na taa.
Tukaruka kurasa tatu, hakuna aliyejua.

Gazeti la mji liliandika kwamba Bwana Halaburda
aliwatoa watu machozi
kwa maneno machache ya Kiukreni, lugha ya bibi yake.
Hatukusahihisha.

Faida: dola kumi na moja, nyingi za bahati nasibu ya bata mzinga.
Tukanunua gundi na birika la pili.
Mlango haukurudishwa, hauna pa kurudi.
Umeegemea ukuta karibu na viatu vya theluji,
na Jumanne, kabla ya mazoezi,
nimewaona mmoja mmoja, wakidhani hawaonekani,
wakiugonga kwa kidole kimoja.