Mita Moja na Nusu

Kijana wa afya alikuja Langoni na futi ya chuma.
Akaivuta toka ukuta wa Bi Somoe kuja wetu,
ikagota chokaani kabla ya kutimia
mita moja na nusu.
Akapima tena, chini zaidi,
labda mtaa ungeona haya ujitanue.
Mume wangu Lali, barazani, akamwambia:
“Mwanangu, hapa walijenga kwa kipimo cha punda na shehena yake.
Binadamu hupita upande, bega kwa bega,
na salamu ndiyo nauli.”
Kijana akaandika kitu. Hatukuonyeshwa.

Wiki hiyo misikiti ikafungwa.
Muadhini alipofika pa kutuambia tusali majumbani
sauti ikamkatika,
tukaisubiri, mtaa mzima, kila mtu na dirisha lake.

Mimi ni mpishi wa mofa. Unga wa mtama
haujui kafyu; ukiumuka umeumuka.
Saa tisa usiku natia kuni tanurini,
nimeziba chini ya mlango kwa leso mbichi,
lakini moshi una miguu yake.
Askari wawili wakabisha.
Walichukua mofa ishirini na shilingi mia tano,
wakala papo hapo, barakoa kidevuni.
Mmoja akasema, “Mama, mbona hazina chumvi?”

Kisha wakaja na galoni.
Oili chafu, ya injini za boti,
wakaimwaga baraza kwa baraza, toka msikitini hadi jaani,
watu wasipate pa kukaa.
Lali alitoka asubuhi, mkeka kwapani,
akasimama akiyaangalia mawe
ambayo babu yake aliyapaka chokaa kila Shaabani.
Hakusema. Yeye, aliyekuwa na neno kwa kila mpita njia!
Akarudi ndani, akakaa juu ya ndoo, akaelekea ukuta.

Unga wa msaada ulikuja na picha ya mtu
anayecheka, juu ya paketi.
Jina letu halikuwamo. “Nyinyi mna biashara,”
akasema karani, na biashara yenyewe
nilikwisha kuipika, ikaliwa na serikali.

Lali hakufa kwa kikohozi. Nasema hivi
kwa sababu watu bado huniuliza wakirudi nyuma hatua moja.
Moyo tu. Lakini karatasi ya hospitali ilichelewa,
kwa hiyo wakaja wale wa suti nyeupe,
na aliyemwosha simjui jina mpaka leo.
“Kumi na watano tu,” ofisa akahesabu kwa ncha ya kalamu.
Wa kumi na sita alikuwa Shee, ndugu yake wa tumbo moja.
Akazika kwa macho, kutoka ng'ambo ya ua.

Mwezi huohuo, Mkunguni, spika zikafungwa,
watu elfu wakabanana kumsikiliza yule wa paketi.
Niliitafuta ile futi ya chuma. Sikuiona.

Sasa ni Machi, mwaka wa kura.
Chokaa tumepaka mara tatu, lakini joto likipanda
jiwe hutoa jasho jeusi.
Juzi amekuja, kanzu mpya nyeupe, wapambe nyuma,
akasema ana kiu ya kukaa na wananchi
barazani, kama zamani.
Bi Somoe alikuwa dirishani. Mimi mlangoni
na sinia la mofa.
Mmoja wetu angeweza kusema.
“Karibu,” akajibu Shee. “Kaa.”

Akakaa kitako. Akazungumza sana:
barabara, hospitali,
na uchungu alionao moyoni kwa ajili yetu.
Alipoinuka akapeana mikono na kila mtu,
akashika kichochoro kwenda kwa majirani,
nasi tukamsindikiza kwa macho,
bila kucheka,
mpaka pale kona inapobana
na punda wa mawe akamlazimisha
kupita upande.