Mita Hamsini

Kaka yake alizipima kwa kamba ya mbuzi,
kutoka jiwe la volkano pale Himbi
hadi kidumu cha njano kilichotiwa nanga.
Saa: simu yenye kioo kilichopasuka.
Kahindo, pumzi moja tu njiani,
mikono kama anayegombana na mtu.

Ugenini, mara ya kwanza bwawani,
aliona mstari mweusi chini ya maji, akashtuka:
Kivu haijawahi kumwonyesha sakafu.
Wa sita. Sekunde ishirini na nane na ushei.
Tulimpokea mpakani kwa vigelegele vya mshindi.

Leo bega linamuuma mvua ikikaribia.
Amekaa juu ya jiwe lile lile, anawafokea watoto:
"Usiinue kichwa! Kidumu hakikimbii!"

Kidumu kimebadilishwa mara nne.
Kamba, hapana.